Ukianza na nyakati 12 utabaki na viti (yalinikuta Lubumbashi)

Ndugu wa Katuba, hilo jedwali lako la nyakati 12 za vitenzi vya Kiingereza lichane leo hii. Unafungua darasa la Kiingereza la watu wazima mwezi ujao, unauliza ununue kitabu gani, utoze bei gani, ueleze kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, halafu mwishoni ukaweka kale kasentensi: "wiki ya kwanza nitawapa nyakati zote 12 ili wapate msingi". Nilipofika hapo niliacha bukari, ugali wetu, mezani.

Mimi nilikuwa nalo jedwali hilo. Nililipa chumba miezi mitatu mbele, dola 150, nikatoa fotokopi 120: upande huu nyakati za Kiingereza, upande ule za Kifaransa, mstari kwa mstari. Wiki ya kwanza wakaja watu 34, madereva wa malori ya Kasumbalesa mpakani na Zambia, mama wanaovuka kuchukua unga wa mahindi Zambia, vijana wanaotafuta kazi migodini. Wiki ya sita walibaki 7, na mmoja ni shemeji yangu, hakuwa analipa.

Kosa ni langu, lakini kuna aliyeniingiza humo. Bwana mmoja alitufanyia semina ya siku tatu, dola 40 kwa kichwa, cheti chenye muhuri wa rangi mbili. Ndiye aliyetuambia asiye na nyakati 12 hana Kiingereza, na kwamba "present perfect", ile ya "I have started", ni passé composé ya Waingereza, ule wakati uliopita wa Kifaransa, fungeni daftari. Passé composé! Mfaransa anasema "je suis allé hier", nilienda jana, na hakuna anayeshtuka. Dereva wangu mmoja akaenda kuulizwa maswali ya kazi, akasema kifua mbele: "I have started in 2009." Kwa Kiingereza, ukishataja jana au mwaka, hiyo "have" inatoka: "I started in 2009." Kazi hakupata, na sentensi ile nilimpa mimi. Yule bwana nikikutana naye namsalimia, nimelelewa vizuri. Cheti chake nimekikunja, kiko chini ya mguu mfupi wa meza yangu.

Halafu kuna mama wa unga. Daftari lake ungelipenda: vyumba 12 vimepigwa rula, wino mwekundu na wa buluu, hakuna mahali pamefutwa. Jioni moja nikamuuliza polepole, "Mama, what do you sell?" Akafungua daftari. Kidole kikaanza chumba cha kwanza, kikashuka, kikahamia safu ya pili, midomo inasoma bila sauti. Tunangoja. Huko nyuma mtu akakohoa. Kidole kikafika chumba cha 12, kikasimama. Huyu ni mama ambaye ng'ambo kule, kwa Kibemba, anakushusha bei mpaka unataka kulia.

Alikuwa anatafuta "I sell flour".

Nikaona haya, nikaliacha jedwali, nikamuuliza kwa Kiswahili chetu: mama, unafanyaka kazi gani? "Nauzishaka unga, papa." Na mteja akiwa amesimama mbele yako? "Niko nauzisha unga." (Ninyi watu wa pwani mnaosoma hapa, kwetu kuuza ni kununua, na kuuzisha ndiyo kuuza kwenu, msitupeleke mahakamani.) Chaki ikanibaki mkononi. "Nauzishaka" ni "I sell". "Niko nauzisha" ni "I am selling", na hata "niko" imekaa palepale pa "I am". Mwezi mzima nilikuwa namweleza tofauti ambayo anaijua tangu hajaota meno, ila mimi nilikuwa naieleza kwa majina ya kwenye fotokopi.

Kwa hiyo sikia: jina la wakati lisiandikwe ubaoni kabla mwanafunzi hajasema sentensi yake mwenyewe, ya kazi yake, kwanza kwa Kiswahili cha nyumbani, kisha kwa Kiingereza. Dereva aseme lori, mama aseme unga. Jioni za kwanza ni vya "-aka" tu, vya kila siku kama "nauzishaka", sentensi tano, sita, warudie mpaka majirani wazijue. Baadaye "niko". Vya jana viingie wakishakuwa na kitu cha kusimulia. Majina wape wakiyaomba. Mimi tangu hapo ameniomba mtu mmoja, naye alikuwa mwalimu wa shule.

Makosa mengine yatakuja yenyewe. Utasikia "my husband, she is a driver", kwa sababu "a-" yetu haijali mume wala mke. Utasikia "I have 40 years", hapo Kiswahili na Kifaransa wamekula njama pamoja. Sahihisha mkicheka, yanapita. Jedwali lenyewe halipiti, linatoka mlangoni na mtu na hutamwona tena, na ada yake ya mwezi wa pili pia.

Ulikuwa umeuliza mambo mengine, nitarudi kesho kama umeme utakuwepo. Zile fotokopi zilizobaki mke wangu alizichukua kufungia karanga. Mtaa mzima ulikula karanga kutoka kwenye wakati ujao timilifu, na huko hakuna aliyelalamika kwamba ni ngumu.