Maswali ya Wasomaji: Vita vya Bahari ya Shamu na Mzigo wa Kariakoo

SWALI: Ndugu Mhariri, naagiza vyombo vya plastiki kutoka China na kuviuza Kariakoo. Meli inayoleta mzigo wangu haipiti Bahari ya Shamu, lakini kila nauli inapopanda wakala wangu husema ni kwa sababu ya mashambulizi ya huko. Je, ni kweli? Na Tanzania ina sauti gani katika mambo hayo ya mbali?

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo ya wakala wako yana msingi. Wapiganaji wa kundi la Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli za biashara Novemba 2023, kampuni nyingi ziliacha njia ya Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na safari kati ya Asia na Ulaya ikarefuka kwa siku 10 au zaidi. Meli iliyokawia huko haifiki kwa wakati kupakia tena China, na makontena matupu nayo huchelewa kurudi, kwa hiyo nafasi ya mizigo huwa haba na nauli hupanda hata kwa shehena inayokuja Dar es Salaam moja kwa moja. Machungu hayo huwafikia pia majirani zetu wa Zambia, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wanaoitegemea bandari hii.

Sauti tunayo. Januari 2009 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 9 za kwanza kutia saini Kanuni za Djibouti dhidi ya uharamia, na kituo kimoja kati ya vitatu vya kupashana habari kikawekwa hapa Dar es Salaam. Vingine vikawa Mombasa na Sana'a. Mwaka 2017, mjini Jeddah, makubaliano hayo yalipanuliwa yakahusisha pia mapambano dhidi ya magendo ya silaha, dawa za kulevya na uvuvi haramu. Aprili 2025 tuliandaa pia, pamoja na India, mazoezi ya kijeshi ya majini katika jiji hili. Mazoezi yana manufaa, lakini kwa maoni yangu kituo kile kinastahili bajeti na watumishi kwanza, kwa kuwa taarifa ya boti inayotiliwa shaka haina faida isipomfikia nahodha na nchi jirani mapema, usiku na mchana, mwaka mzima.

Hata hivyo, si kila ongezeko linatokana na vita. Mwombe wakala akuoneshe ankara ya kampuni ya meli, uone nauli ya msingi ni kiasi gani na tozo za nyongeza ni zipi, kabla hujalipa.