Fundi, tofali linatosha nikiingia uvunguni?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mbagala, Dar, nina gari ya Toyota IST na nimeamua sevisi ndogondogo nifanye mwenyewe nyumbani, kumwaga oili, kubadili bushi na vitu kama hivyo. Jeki ninayo ile iliyokuja na gari tu. Jirani yangu anasema ninyanyue nayo halafu niweke tofali mbili za inchi sita chini, yeye anafanya hivyo miaka yote na hajawahi kupata tatizo. Wife hataki hata kusikia. Nani yuko sahihi? Uwanja wetu ni mchanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wife yuko sahihi, na nakuomba sana usiingie uvunguni kwa mpango huo hata kwa dakika mbili za kuchungulia.

Tofali ni zuri kwenye ukuta kwa sababu mzigo unasambaa juu yake lote. Kwenye gari uzito unakaa kwenye kile kikingo chembamba cha bodi, kinabonyeza sehemu moja ndogo kama patasi, na tofali halipindi wala halikupi dalili, linapasuka tu ghafla. IST ni karibu tani moja. Hiyo miaka yote ya jirani ni bahati, na Mungu aendelee kumlinda.

Jeki nayo ni ya kunyanyulia, sio ya kushikilia. Mimi niliwahi kuacha gari juu ya jeki ya chupa, ile inayonyanyua kwa oili, jioni nimetoa tairi, asubuhi nakuta diski imegusa chini na pembeni ya jeki kuna kidimbwi cha oili, sili ilikuwa imechoka na jana yake ilinyanyua vizuri tu. Ningekuwa chini nisingekuwa nakuandikia.

Kwahiyo nunua stendi mbili za chuma, zile za miguu minne, zimeandikwa tani 2 au 3, na ukiweza pata na jeki ya troli, ile ndefu yenye magurudumu. Hiyo ya mkasi iliyokuja na gari inakaa ubavuni palepale ambapo stendi inatakiwa ikae, ndo maana wengi wanaishia kuweka stendi sehemu ya ajabu kama chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Ya troli inanyanyua katikati mbele, kwenye ile sehemu inayoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, halafu stendi zinakaa ubavuni nyuma ya tairi za mbele, utaona vikato viwili kwenye kingo, ni hapo katikati yake. Angalia kijino cha stendi kimeingia kwenye meno kweli, shusha polepole mpaka gari ikae juu ya stendi, jeki iache hapohapo iguse kidogo tu. Tairi ukiwa umeitoa ilaze chini ya bodi. Kisha, kabla hujaingia, isukume gari kwa nguvu kutoka ubavuni, ikicheza shusha uanze upya, bora icheze ukiwa umesimama.

Halafu watu wanaamini sana hendibreki. Kwenye IST hendibreki inashika tairi za nyuma, ukinyanyua nyuma haina kazi tena. Na gia kuiweka P (parking) haitoshi, ukinyanyua tairi moja tu ya mbele hiyo ya hewani inazunguka kinyume na mwenzake wa chini anabiringika, gari inaondoka na P yake. Weka kabari za mbao au mawe mazito mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini, kila mara.

Mchanga ndo shida yako kubwa. Miguu ya stendi inazama upande mmoja bila wewe kujua na ubao mdogo unazama nayo. Kama kuna mtu mwenye sakafu ya zege mwombe nafasi, au nenda gereji yenye shimo, kumwaga oili kule ni kazi ndogo sana.

SWALI: Kwahiyo nikipata pancha njiani nitembee na stendi?

JIBU: Hapana, pale huingii chini. Legeza nati tairi ikiwa bado iko ardhini, nyanyua, tairi la akiba lilaze chini ya bodi wakati unatoa lililopasuka, kisha yabadilishane, lililopasuka ndo lilale pale mpaka umalize kukaza. Abiria washuke wote, na watoto wakae mbali na barabara.