Tunaombea Kongo na Sudan, lakini vita haviishi. Tuache?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu huku Tabata. Tangu Goma ilipotekwa mwanzoni mwa 2025 tumekuwa tukiombea Kongo kila Alhamisi, baadaye tukaongeza Sudan. Vita haviishi. Juzi kijana mmoja, mwenye bidii sana, alisimama akasema maombi haya ni ya kujituliza nafsi tu, bora tuyaache tuchange pesa. Mama mwingine akasema Sudan ni Waislamu wanapigana wenyewe kwa wenyewe, hayatuhusu. Mzee wetu akafunga mjadala kwa Mathayo 24, kwamba hayo hayana budi kutukia. Tuliagana kila mtu na lake. Je, maombi yetu yana maana? Tuombe nani ashinde? Na kama ni kuchanga, tuchange vipi?

JIBU: Amina, mama. Nitaanza na huyo kijana, na ninakuomba msimnyamazishe. Alichosema kimeandikwa. Yakobo anauliza juu ya ndugu aliye uchi na mwenye njaa: mtu akimwambia "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba", lakini asimpe mahitaji ya mwili, yafaa nini? Na Isaya, miaka mia kadhaa kabla yake, aliwapelekea watu wa Yerusalemu neno zito zaidi: "mwombapo maombi mengi, sitasikia, mikono yenu imejaa damu." Kwa hiyo Maandiko yenyewe yanajua kwamba yapo maombi ambayo Mungu anayakataa. Kijana ameuona ugonjwa. Dawa ndiyo aliyokosea, maana anataka tuyaache maombi badala ya kuyaponya.

Mtazame Nehemia. Anafikiwa na habari kwamba kuta za Yerusalemu zimebomolewa na watu wake wamo katika dhiki. Anaketi, analia, anafunga siku kadhaa, anaomba. Na katika maombi yale yale, kabla hajasema amina, tayari anamwomba Mungu ampe kibali mbele ya mfalme, maana ameshaelewa kwamba atakayekwenda ni yeye. Sura inayofuata anaomba ruhusa, barua za kupita njiani na miti ya kujengea. Huwezi kuonyesha mahali maombi yalipoishia na kazi ikaanzia. Ndivyo ninavyoyaelewa maombi ya wakati wa vita: ukimtaja mtu anayeumia mbele za Mungu, umejifunga naye. Huwi huru tena kumsahau, na Mungu akikuambia umfanyie jambo, huwezi kusema humjui.

Tatizo letu ni kwamba mara nyingi tunaomba kwa namna isiyotufunga na mtu yeyote. Jumapili utasikia, "Tuiombee pia amani ya dunia," sentensi moja, halafu tunahamia kwenye safari ya kwaya. Dunia ni kubwa mno, mama. Hakuna anayekosa usingizi kwa ajili ya "dunia".

Kwenye jumuiya moja niliyoitembelea Buguruni kuna mama aliyetoka Uvira, mashariki mwa Kongo, anauza vitenge Kariakoo. Alipoombwa afunge kwa sala, alitoa simu kwanza, akatusikilizisha sauti aliyotumiwa na mdogo wake. Mtoto ana homa, zahanati imefungwa, dawa imepanda bei, barabara ya kwenda mjini ina vizuizi na kila kizuizi kinataka hela. Halafu akaomba kama alivyosikia: mtoto kwa jina lake, zahanati ifunguliwe, walioko vizuizini waguswe mioyo. Waliokuwa wakisinzia waliinua vichwa. Hakuna aliyeondoka pale bila kulijua jina la yule mtoto.

Basi ombeni mkijua mnachoomba. Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023 mjini Khartoum, kati ya jeshi la Jenerali Burhan na kikosi cha RSF cha Jenerali Hemedti, watu wawili waliokuwa wameshika madaraka pamoja. Zaidi ya watu milioni 10 wameyakimbia makazi yao. Agosti 2024 ilitangazwa rasmi kwamba kuna baa la njaa katika kambi ya Zamzam, jirani na mji wa El Fasher, na El Fasher wenyewe ulizingirwa zaidi ya mwaka mzima kabla RSF hawajauteka Oktoba 2025. Kuhusu Kongo, sisi wa Dar es Salaam hatuna udhuru wa kutojua. Tarehe 8 Februari 2025 viongozi wa Afrika Mashariki na wa SADC walikutana hapa hapa mjini kwetu, wakataka mapigano yasimame mara moja. Wiki moja baadaye waasi wa M23, wale walioiteka Goma, wakaingia mji wa Bukavu. Wengi wetu tulichokiona siku ile ni barabara zilizofungwa na foleni.

Sasa swali la moyo wako: mbona Mungu hajibu? Yapo majibu mawili yanayotolewa haraka, na yote mawili nayakataa. La kwanza ni kwamba imani yenu haitoshi. Bwana wetu aliomba Gethsemane mara tatu kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Nani atathubutu kusema imani yake ilipungua? Usikubali mtu yeyote awabebeshe akina mama wa Tabata lawama ya vita vilivyoanzishwa na majenerali.

La pili ni la mzee wenu. Ninamheshimu, na andiko alilolitaja ni la kweli. Lakini Yesu alisema "hayo hayana budi kutukia" ili wanafunzi wasitishwe na wasidanganywe na manabii wa uongo. Hakusema ili wakae kimya. Huyu huyu aliyejua kwamba Yerusalemu utabomolewa, alipoukaribia aliulilia, kama Luka anavyoeleza katika sura ya 19. Kama kujua yajayo hakukukausha machozi ya Bwana, kwetu kusitupe ruhusa ya kukausha ya kwetu. Mkristo anayetaja Mathayo 24 akiwa ametulia tuli huku watoto wanakufa njaa, arudi aisome pamoja na Mathayo 25, ukurasa unaofuata, anaposema nalikuwa na njaa.

Mbele ya Mungu mnaruhusiwa kulalamika. Tumezoea kufikiri kwamba maombi ya mtu mwenye imani lazima yawe matamu. Fungueni Zaburi ya 13: ina mistari sita tu, na katika miwili ya kwanza Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne. Habakuki naye anasema wazi, "nakulilia kwa sababu ya udhalimu, ila hutaki kuokoa." Maneno hayo yamo ndani ya Biblia kwa sababu Mungu anataka kuyasikia. Siwezi kukuahidi kwamba mkiomba mwaka mwingine bunduki zitanyamaza. Ninachojua ni kwamba kilio cha hata lini kinaelekezwa kwa yule anayeweza kukijibu, na anayelia hivyo hajauzoea uovu. Siku tutakapouzoea ndipo mambo yatakuwa yametuharibikia kweli.

Kuhusu kumwombea nani ashinde. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza makanisa ya Wajerumani yaliombea ushindi wa Ujerumani, na ya Waingereza yaliombea wa Uingereza, kwa Mungu yule yule. Kanisa la Azania Front hapa mjini, ambamo tunasali hadi leo, lilijengwa na Wajerumani. Septemba 1916 Waingereza wakauchukua mji. Na wapagazi wa Kiafrika, ambao wengi wao walipitia kambi iliyokuwa pale Kariakoo, walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Sijui ni maombi mangapi ya wakati ule yaliwakumbuka. Yoshua alipomuuliza yule aliyesimama mbele yake na upanga kama yuko upande wao au wa adui, alijibiwa "La", maana yule alikuwa amiri wa jeshi la Bwana.

Haina maana kwamba Mungu hana msimamo. Anayebaka na anayebakwa hawako sawa mbele zake, na mkiomba msiseme "pande zote" kwa namna inayofuta dhuluma. Ombeni mauaji yakome na mkono wa muuaji ushikwe. Mwombeni Mungu awafichue wanaopeleka silaha na wanaotajirika kwa dhahabu ya Darfur kule Sudan na madini ya Kivu kule Kongo. Kisha, kwa sababu Bwana ametuagiza kuwaombea hata wanaotuudhi, waombeeni pia hao wenye bunduki watubu. Kumwombea adui atubu ni tofauti kabisa na kumwombea afanikiwe.

Kwa yule mama aliyesema Sudan haituhusu, nitasema kwa upendo lakini bila kuzungusha. Sudan kuna Wakristo pia, wakiwemo Wakopti wa Khartoum na Omdurman ambao kanisa lao ni la kale kuliko la kwetu. Lakini hata kama asingekuwepo hata mmoja, Msamaria hakumuuliza yule aliyelala njiani dini yake. Na kila tunaposema "utupe leo riziki yetu" tumeshaomba jambo hili: Luther katika Katekisimu Ndogo alipoeleza riziki ni nini, pamoja na chakula na mavazi alitaja serikali njema na amani. Tunasema riziki yetu. Ndani ya hiyo "yetu" yumo na mtoto wa Zamzam. Huyo mama ana majirani Waislamu mtaani kwake, wanaompelekea futari Ramadhani ikifika. Aende akaulize wanaombaje juu ya Sudan. Atakuta wanalia vile vile.

Nina mfano ambao nataka akina mama wa jumuiya yako waujue, kwa sababu ulianzia kwa wanawake Walutheri wenzao. Liberia ilipigana kwa miaka mingi. Julai 1990 wanajeshi wa serikali waliwaua watu wapatao 600 waliokuwa wamekimbilia ndani ya kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro mjini Monrovia. Katika kanisa hilo hilo, miaka zaidi ya kumi baadaye, akina mama walikuwa wakikusanyika kuomba, wakiongozwa na Leymah Gbowee. Wakaungana na wanawake Waislamu. Mwaka 2003 walitoka wakiwa wamevaa fulana nyeupe, wakaenda kuketi kwenye uwanja wa soko la samaki, mahali ambapo msafara wa Rais Charles Taylor ulipita, wakaomba na kuimba pale siku baada ya siku, juani na mvuani, hadi akawasikiliza. Mazungumzo yalipohamia Ghana, baadhi yao walifuata. Walipoona wakubwa wanakula hotelini huku watu wanakufa nyumbani, waliketi milangoni mwa ukumbi wakashikana mikono, wakasema hakuna atakayetoka bila makubaliano. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 18 Agosti 2003. Mwambie kijana wenu: wale hawakuchagua kati ya kuomba na kutenda. Kikundi cha maombi ndicho kilichowaweka pamoja hata wakaweza kuketi juani.

Mchango nao ni ibada. Matendo 11 inaeleza kwamba kanisa la Antiokia lilipoambiwa kuna njaa inakuja, kila mmoja alitoa kadiri ya alivyoweza, na pesa zikapelekwa kwa wazee kwa mikono ya Barnaba na Sauli, watu wanaojulikana. Fuateni hapo hapo. Msitume pesa kwa namba ya simu iliyokuja na picha ya kuhuzunisha kwenye kundi la WhatsApp, hata ikiwa imeandikwa "mtumishi wa Mungu". Pitisheni usharikani, wazee waridhie, mweka hazina atume kwa chombo kinachojulikana na risiti isomwe mbele ya wote. Shirika la TCRS, lililoanzishwa na Walutheri mwaka 1964, limewahudumia wakimbizi nchini kwetu tangu hapo. Caritas ya Wakatoliki na Msalaba Mwekundu nao wanafahamika. Pesa ni bora kuliko nguo kuukuu, maana marobota yanahitaji usafiri ambao mara nyingi unazidi thamani ya nguo zenyewe. Na msiisahau Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika, na waliozaliwa pale sasa wana watoto wao. Hao hamhitaji pasipoti kuwafikia. (Fungu la kumi liacheni mahali pake; huu uwe mchango wa hiari, hata wa mia tano.)

Halafu, tafadhali, picha za maiti zisizungushwe kwenye makundi yenu kwa jina la kuhamasisha maombi. Yule ni mama wa mtu.

Alhamisi ijayo anzeni na Zaburi ya 13, isomwe polepole. Chagueni mahali pamoja tu, mseme mnajua nini juu yake, kisha muombe kwa maneno ya kawaida. Yule kijana mpeni daftari la mchango, yeye ndiye awaelezee kila mwezi kilichopatikana na kilikokwenda. Akimaliza kusoma hesabu, mwombeni yeye huyo huyo aongoze sala.