Swali la lugha: Kipimo nyeti ni kipimo gani?

Swali: Natafsiri maelezo ya kipimo cha maabara. Niliandika "ugunduzi wa haraka na nyeti wa bakteria wa chakula", mhariri akanirudishia akisema hakuna mtu atakayeelewa hapo. Nimekosea wapi?

Jibu: Mhariri wako yuko sahihi, ingawa angekufaa zaidi kama angekwambia sababu.

Kugundua ni kukuta kisichokuwa kikijulikana. Theodor Escherich aligundua bakteria fulani wa utumbo mwaka 1885, na baadaye bakteria huyo akapewa jina lake: Escherichia coli. Mtaalamu anayemkuta leo kwenye sampuli ya nyama hagundui kitu. Anabaini kwamba yumo. Najua watu husema "amegundulika ana saratani", na siwezi kuwazuia. Kwenye maandishi ya kitaalamu, shika kubaini.

Kigingi chenyewe ni neno "nyeti". Tunasema suala nyeti, taarifa nyeti, yaani la kushikwa kwa uangalifu. Na sehemu nyeti za mwili kila mtu anazijua. Sasa msomaji akikuta "kipimo nyeti" atadhani ni cha siri, au anapimwa huko. Wewe ulitaka kusema kinabaini hata bakteria wachache mno. Katika kutafuta bakteria aitwaye Salmonella, kwa kawaida hupimwa gramu 25 za chakula, na shabaha ni kumnasa hata bakteria mmoja aliyemo, ndiyo maana sampuli hulazwa kwanza kwenye mchuzi wa virutubisho ili azaliane. Kipimo cha PCR, kinachotafuta bakteria kwa DNA yake, nacho hurudufu kipande cha DNA maradufu kila mzunguko: mizunguko 30 ikienda sawasawa, kipande kimoja kinakuwa zaidi ya bilioni moja. Huo ndio unyeti wako. Neno lenyewe, unyeti, nalivumilia kwenye jedwali la takwimu, mradi ulifafanue mara ya kwanza.

"Haraka" haina tatizo; "kipimo cha haraka" kimeshazoeleka. Ila taja haraka kuliko nini, kwa sababu kuotesha bakteria kwenye sahani huchukua siku kadhaa, na saa 24 zikilinganishwa na hizo ni haraka kweli.

Na "bakteria wa chakula"? Hata wanaogandisha mtindi ni wa chakula, na hao hatuwawindi. Andika "bakteria waenezwao kwa chakula".

Mimi ningeandika: "Kipimo cha haraka cha kubaini bakteria waenezwao kwa chakula, hata wakiwa wachache mno."