Kabla Hujampondea Mzazi Vidonge

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba baba yake, aliyepata kiharusi, hupaliwa kila anapomeza vidonge, akataka kujua kama anaweza kumpondea vyote kwenye uji. Niliusoma ujumbe ule mara mbili, kwa sababu mwaka juzi nilimfanyia mama yangu jambo hilohilo, na nusura nimpoteze.

Nilichoponda kilikuwa kidonge cha nifedipini, dawa ya shinikizo la damu, cha kuachia dawa polepole. Kwa kukiponda, dawa iliyokusudiwa kutoka kidogo kidogo kwa saa nyingi iliingia mwilini kwa mkupuo, shinikizo la damu likashuka, na mama akaanguka akielekea msalani. Kosa lilikuwa langu, ingawa dukani nilipewa bahasha ya kaki iliyoandikwa “1x2” bila neno jingine, na bahasha ile mpaka leo inaniuma.

Alipotoka hospitalini dawa zake zilibadilishwa, na ya kuzuia kutapika ikawa ondansetroni ya kuyeyukia juu ya ulimi. Nikajiona nimetua mzigo. Kidonge cha kwanza nilikisukuma kupitia jaribosi kama nilivyozoea, kikavunjika. Cha pili nilikishika kwa vidole vilivyotoka kuosha vyombo, kikaishia vidoleni mwangu. Baadhi ya vidonge vya namna hii hugandishwa, kisha maji huondolewa yakiwa bado barafu, hivyo hubaki na vitundu kama sifongo, na mate yakiingia husambaratika kwa sekunde chache. Kidonge hakiwezi kujua kwamba kidole chenye maji si ulimi. Kwa hiyo bandua jaribosi badala ya kusukuma, kausha mikono, na usikitoe kabla ya wakati wake wala kukihamishia kwenye kikopo kingine, hasa kwetu Tanga ambako hata chumvi hulowa mezani.

Halafu nilidhani kwamba kinachoyeyuka haraka hutibu haraka. Sivyo: dawa ya juu ya ulimi kwa kawaida humezwa pamoja na mate na kufyonzwa kwenye utumbo, kwa hiyo mgonjwa anayepaliwa sana bado anahitaji kupimwa umezaji wake. Ya chini ya ulimi ni jambo jingine. Nitrogliserini, wanayopewa wenye maumivu ya kifua yanayotokana na moyo, hupenya utando wa mdomo na kuingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza. Ukiimeza, ini huiharibu sehemu kubwa. Na kidonge cha zinki cha mtoto anayeharisha huyeyushwa kwenye kijiko cha maji. Vyote vitatu utasikia vikiitwa “vya kuyeyuka”.

Ndugu zangu tunaouguza wazazi, tumeona haya kupita kiasi mbele ya dirisha la dawa, kana kwamba kuuliza ni kukiri ujinga. Uliza: juu ya ulimi, chini ya ulimi, au kwenye kijiko? Usiondoke kabla hujajibiwa, hata foleni ikinung’unika.

Wewe uliyeniandikia, usiponde chochote leo. Chukua pakiti zote za baba umpelekee mfamasia, aziangalie moja baada ya nyingine. Mama yangu sasa hubandua jaribosi mwenyewe, na nikinyoosha mkono kumsaidia huniuliza kwanza kama nimejifuta maji.