Rottweiler, Pitbull, Labrador na mtoto mdogo ndani: maswali yenu

Meseji nyingi za safari hii zinauliza kitu kilekile, mbwa wa aina fulani na mtoto mdogo nyumba moja, inafaa au haifai. Nimechukua sita. Mimi nimekua na mbwa na watoto wangu wawili wamelelewa wakiwa nao humohumo ndani, kwa hiyo mengine nayajua kwa kuyaona kwa macho.

SWALI: Mtoto wetu ana miaka 3. Mume wangu anataka Rottweiler, mama mkwe kakataa katakata anasema huyo ni mbwa wa kuua mtoto. Nani yuko sahihi?

Dada, kila mmoja kashika kipande chake. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2022 kwenye jarida la Science, walichukua taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, wakakuta aina ya mbwa inaeleza kama 9% tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Yaani unaweza kupata Rottweiler mtulivu kuliko Labrador wa jirani, hilo lipo kabisa. Ila mama mkwe naye ana hoja, manake Rottweiler dume anafika kilo 50 na zaidi na mwanao sidhani kama anazidi 15, huyo mbwa akifurahi tu akamrukia mtoto anaanguka chali, na siku akiuma, hata mara moja, sio jeraha la kuweka plasta. Sasa kabla ya kubishana aina, muulizeni anayeuza: mama yake mbwa yukoje, mtaruhusiwa kumuona? Na huyu mdogo ameshikwashikwa na watu, amewaona watoto, kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi? Hapo ndo mbwa anajifunza kwamba mtoto anayelia na kukimbiakimbia ni kitu cha kawaida. Alafu muulize mumeo nani atamfundisha na atakaa wapi. Kama mpango ni kumfunga mnyororo nje mchana kutwa basi mimi niko na mama mkwe, mbwa wa mnyororo hawazoei watoto na akiogopa hana pa kukimbilia, anabaki na meno tu.

SWALI: Mnasema aina sio shida, mbona Uingereza wamepiga marufuku Pitbull na XL Bully?

Sijasema aina haina maana hata kidogo. Ni kweli, sheria yao ya 1991 ilikataza Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, XL Bully akaongezwa mwishoni mwa 2023, na toka tarehe 1 Februari 2024 kwa England na Wales kukaa naye bila kibali maalumu ni kosa. Uholanzi nao walimpiga marufuku Pitbull 1993 wakaja kuifuta hiyo sheria miaka kama 15 baadaye kwa sababu watu waliendelea kuumwa vilevile. Kwa hiyo hata serikali hazijakubaliana.

Msimamo wangu huu hapa. Ukiwa na mtoto chini ya miaka 5 na hujawahi kufuga mbwa mwenye nguvu, usianze na Pitbull. Sio kwamba ana roho mbaya, wapo wapole sana, ila mababu zake walichaguliwa kwa ajili ya kupigana na akishika haachii, kosa moja dogo la kwenu linaweza kuwa kubwa mno kwa mtoto. Na ile habari inayozunguka kwamba zamani walikuwa mbwa wa kulea watoto, msiibebe, hakuna aina ya mbwa iliyowahi kuzalishwa kwa kazi ya uyaya.

SWALI: Tumenunua Labrador wa wiki 10 tumeambiwa ndo mbwa wa watoto, sasa kila siku anamng'ata mwanangu vidole. Tumrudishe?

Hapana, msimrudishe. Huyo ni mtoto na meno yake ya utoto ni kama sindano, yataanza kung'oka kuanzia miezi 3 au 4 hivi. Aking'ata mchezo unaishia hapohapo, mpe kitu cha kutafuna, usimpige. Kikubwa zaidi mpelekeni kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya minyoo na ratiba yake, watoto wa mbwa wengi wanakuwa na minyoo na kuna aina inayoweza kumuingia mtoto wa mtu mpaka ikaharibu jicho.

SWALI: Chihuahua je? Si ni kadogo hakana madhara.

Kadogo ndiyo, na kanaogopa zaidi kwa sababu ya huo udogo, mbwa anayeogopa ndo anauma. Mtoto mdogo sura yake iko karibu kabisa na mdomo wa mbwa. Na mtoto naye akimdondosha tu anamvunja mguu. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka 2 mimi nisingemleta, nahurumia pande zote mbili.

SWALI: German Shepherd wetu ana miaka 6 hajawahi kuuma mtu. Juzi mtoto wa mwaka na nusu kamfuata akiwa na mfupa, mbwa akamngurumia, baba yake akampiga mbwa sana. Tumefanya sawa?

Hapana mama, na naomba hili mlisome taratibu wote. Kunguruma ni mbwa anasema "naomba nafasi". Ukimpiga kwa hilo hajifunzi kumpenda mtoto, anajifunza kunyamaza, na mbwa aliyefundishwa kunyamaza ndo yule watu wanasema aliuma ghafla bila sababu.

Kwangu ilishatokea na mwanangu wa pili. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mtoto anatambaa kumfuata mbwa aliyelala na mfupa wake kati ya miguu. Kwanza aliacha kutafuna. Hakunyanyuka, kichwa tu kilishuka juu ya mfupa, mwili ukakaza kama gogo, akalamba pua haraka mara mbili, na jicho likamgeukia mtoto pembeni mpaka weupe ukaonekana. Sauti hakutoa. Mkia ulikuwa unatikisika, mgumu, kwa juu, na mtu asiyejua angesema mbwa amefurahi. Nilimnyanyua mtoto nikatoka naye. Mbwa sikumgombeza wala mfupa sikumnyang'anya.

Mtoto mdogo hawezi kusoma hizo dalili, wengi wakiona mbwa katoa meno wanadhani anacheka. Kazi ni yenu. Chakula na mifupa ale nyuma ya mlango uliofungwa. Awe na sehemu yake ya kulala ambayo mtoto hafiki kabisa. Kumkumbatia shingoni, kumpanda mgongoni, kumuamsha akiwa usingizini, yote hayo hapana hata kama amevumilia miaka yote 6, na mkimtaka aachie kitu mpeni kingine kizuri zaidi abadilishane. Kuwaangalia maana yake uko hapo unawaona, kukaa chumba kimoja huku umeinamia simu sio kuangalia. Na mpelekeni akapimwe, mbwa wa umri huo akibadilika wakati mwingine ni jino au nyonga inauma.

SWALI: Mtoto akishaumwa nifanye nini kwanza?

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hesabu kwenye saa kabisa, alafu hospitali siku hiyohiyo hata kama ni mkwaruzo na hata kama mbwa ni wenu. Usipake pilipili, mafuta wala majani. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, lakini ukiosha na ukapata chanjo mapema kinazuilika. Shirika la Afya Duniani linasema 40% ya wanaokufa kwa kichaa cha mbwa ni watoto chini ya miaka 15, na wapo watoto wakiumwa wanaficha kwa kuogopa kuchapwa au mbwa wao kuondolewa. Kwa hiyo leo jioni mwambie mwanao kabisa, mbwa akikugusa na jino, wetu au wa mtu, njoo uniambie na sitakupiga.