Manamba walipanda au yalipanda?

Msomaji wa Kasulu, Kigoma, ameniandikia: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu aliandika kwenye insha, 'Manamba walipanda gari moshi kwenda Tanga.' Amekosolewa, akaambiwa aandike 'yalipanda' kwa kuwa neno linaanza na ma-. Tena amekatazwa kusema 'babu alikwenda manamba'. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Mwanao yuko sahihi mara zote mbili. Manamba walikuwa vibarua wa mkataba enzi za ukoloni, walioandikwa kwa namba.

Hiyo ma- isitutishe. Tunasema makarani walifika, madereva waligoma. Karani aliyeandika namba alikuwa mtu, na aliyeandikwa namba naye mtu vilevile: manamba yule, manamba wale, manamba mmoja alirudi. "Yalipanda" tuyaachie magunia. Inaniuma zaidi kosa hilo likifundishwa Kigoma, kwa sababu Buha, nchi ya Waha mkoani humo, ilitoa vijana wengi mno kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda Silabu, ofisi yao ya kuandikisha vibarua. Kila siku ya kazi iliwekewa alama kwenye kipande, yaani kadi ya kazi ya kibarua. Kipande kilitimia kwa siku 30 za kazi, na siku isiyofanyiwa kazi haikuhesabiwa, kwa hiyo "mwezi" wa manamba ulikuwa mrefu kuliko wa kalenda.

Ndiyo maana wazee husema manamba "alitoroka", hawasemi "aliacha kazi". Wasisahihishwe. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kuondoka kabla ya mkataba kwisha lilikuwa kosa la jinai, la kumfikisha mtu jela.

Sasa "alikwenda manamba". Hapa neno linataja kazi yenyewe, kama tunavyosema alikwenda jeshi. Kibarua nalo lina sura hizo mbili: "kibarua amefika" ni mtu, "kibarua chake kimeota nyasi" ni kazi. Upatanisho hufuata maana. Ukitaka kueleza zaidi, sema "kazi ya manamba ilimchosha". Lakini "alikwenda manamba" ni Kiswahili kamili, hakihitaji "kwa" wala "-ni".

Ombeni insha isahihishwe upya, na mtoto arudishiwe alama zake.